Ufa Hauanzi Kwenye Feni

Kisahani cha kioo kikipasuka ndani ya kalibu zamu ya usiku, mkono wa kwanza huenda kwenye feni. Msimamizi wa mashine hufungua ukurasa wa kupoza, huongeza sekunde thelathini za kusubiri, hupunguza kasi ya hewa, kisha huyeyusha sampuli nyingine. Kikitoka kizima, habari imekwisha. Mpangilio mpya unabaki humo humo, na baada ya wiki kadhaa mwenzake wa zamu nyingine naye anaongeza thelathini zake. Nimekuta programu ambazo zimerekebishwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba hapakuwa na mtu maabarani wa kueleza kwa nini kalibu inasubiri muda ule na si mwingine.

Kisahani kilichopasuka kina uaminifu wake: kinakataa kupimwa. Cha kuogopa ni kile kinachotoka kizima, kimeng'aa, kinaingia kwenye mashine ya eksirei ya kupima elementi na kutoa namba zilizopotoka. Kumimina na kupoza ni sehemu ya kipimo sawa na mizani ilivyo sehemu ya kipimo, na kila kigezo cha hatua hizo mbili kina alama yake kwenye matokeo. Anayezijua alama hizo haanzi na feni. Mara nyingi feni ndiyo ya mwisho kuguswa.

Kwa asiyeifahamu mashine yenyewe ya kuyeyusha, maelezo mafupi yanatosha. Jiwe, klinka ya saruji au udongo husagwa, sehemu moja ikachanganywa na sehemu kumi hivi za flaksi ya lithiamu boreti, mchanganyiko ukatiwa kwenye kikombe cha platinamu yenye dhahabu asilimia 5. Mashine hupandisha joto hadi nyuzi 1,050 au karibu na hapo, hutikisa kikombe mpaka jiwe lote limeyeyuka ndani ya flaksi, kisha humimina uji huo wa moto kwenye kalibu ya platinamu hiyo hiyo. Kinachotoka ni kisahani cha kioo chenye kipenyo cha milimita 32 hadi 40. Faida yake ni kwamba ukubwa wa chembe na aina ya madini vinasahaulika. Silika ya mchanga na silika ya udongo wa mfinyanzi, ambazo kwenye unga ulioshindiliwa huipa eksirei majibu tofauti hata kama kiasi ni kile kile, ndani ya kioo zinakuwa kitu kimoja.

Njia hii ilitangazwa na Fernand Claisse, Quebec, mwaka 1956. Mwaka 1969 Norrish na Hutton wa Australia walichapisha utaratibu uliokuja kutumiwa na wanajiolojia duniani kote, na humo kioo hakikuachwa kijitandaze chenyewe. Kilimiminwa juu ya grafiti, kikashindiliwa kwa mchi wa metali, kisha kikapozwa taratibu kwenye sahani ya moto. Uso bapa ulitokana na mkono wa mtu na mchi. Mashine za leo zimeuondoa mchi. Kazi yake imehamia kwenye mambo matatu: umbo la kalibu, joto la kalibu, na namna uji unavyomiminwa. Ndiyo maana mpangilio wa kumimina una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye skrini ya mashine, ambako mara nyingi umepewa mistari miwili tu.

Tuanze na kile eksirei inachokiona, kwa sababu bila hicho hatuwezi kujua kipi cha kujali.

Uso unaopimwa ni wa chini, ule uliolala juu ya platinamu. Mng'ao wa eksirei unaotolewa na magnesi hutoka ndani ya kioo kwa kina kisichozidi mikromita kumi hivi. Kilicho ndani zaidi ya hapo hakitoki, kimemezwa njiani. Mng'ao wa chuma unatoka kwenye kina cha takriban milimita moja. Wa stronti na zirkoni unatoka mbali zaidi, kiasi kwamba kisahani chote, kutoka uso hadi mgongo, kinachangia. Kwa hiyo kisahani kimoja kina mitihani miwili. Sodiamu, magnesi, alumini na silikoni zinaukagua uso. Elementi nzito zinakagua unene. Kumimina vibaya kunaweza kuharibu mmoja na kuacha mwingine salama, na mchanganuzi asiyejua hilo atatafuta kosa mahali lisipo.

Kisha kuna umbali. Tuseme anodi ya bomba la eksirei iko milimita 25 kutoka kwenye kisahani, na kalibu imebonyea katikati kiasi cha kuusogeza uso kwa milimita 0.1, unene wa karatasi. Nguvu ya mng'ao hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mabadiliko ni karibu asilimia 0.8. Kwenye klinka yenye kalsiamu oksidi ya 65.5% hiyo ni nusu asilimia nzima. Mkemia wa saruji akisikia nusu asilimia ya chokaa hushtuka, na ana haki.

Ila angalia kinachotokea kwenye hesabu ya kushiba kwa chokaa, ile ambayo wapishi wa tanuri wanaishi nayo: kalsiamu oksidi mara mia, gawanya kwa jumla ya silika mara 2.8, alumina mara 1.2 na oksidi ya chuma mara 0.65. Klinka yenye chokaa 65.5, silika 21.5, alumina 5.2 na chuma 3.4 inatoa 95.4. Kalibu iliyobonyea inapunguza namba zote nne kwa kiwango kile kile, kwa hiyo jibu linabaki 95.4. Tanuri haitajua lolote. Kitakachopungua ni jumla ya oksidi zote: badala ya 99.5 utapata 98.7. Sasa chukua kisahani kilichofanya fuwele, au ambacho uso wake una makunyanzi, silika ikasomwa 21.2 na nyingine zikabaki palepale. Kushiba kwa chokaa kunaruka hadi 96.6. Jumla imeshuka kwa 0.3 tu, jambo ambalo wengi wangelipita bila kugeuka, na hapo mtu anaweza kwenda kupunguza mawe ya chokaa kwenye lundo la malighafi lisilo na tatizo.

Ndiyo maana naitazama jumla kabla ya kutazama elementi yoyote. Oksidi zote zikishuka pamoja, nashuku umbo: kalibu, kulala kwa kisahani kwenye kishikio. Zote zikipanda pamoja, nashuku moto, kwamba flaksi imevukia na jiwe limekolea ndani ya kioo. Moja au mbili zikihama peke yake, tatizo liko ndani ya kioo chenyewe au kwenye uso wake, na hapo ndipo kumimina na kupoza kunaingia.

Kabla ya kugusa hatua hizo mbili, lazima flaksi iwe ile inayofaa, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoamua uji utamiminika vipi na utapoa vipi. Lithiamu tetraboreti huyeyuka karibu na nyuzi 920. Metaboreti huyeyuka karibu na 845. Tetraboreti ni nzito, mnato wake mkubwa, hukawia kutoka kwenye kikombe, lakini inapopoa inakuwa kioo kwa urahisi. Metaboreti hutiririka kama maji, kikombe kinabaki kisafi, ila inapenda fuwele: ukiichelewesha kidogo katika joto la kati, kisahani kinageuka cheupe kama maziwa. Michanganyiko inayouzwa, nusu kwa nusu, au theluthi mbili za tetraboreti kwa moja ya metaboreti, au ile yenye asilimia 35.3 tu ya tetraboreti, ni maelewano kati ya tabia hizo mbili. Chokaa na saruji, ambazo ni besi, hupewa tetraboreti nyingi. Mchanga, udongo na miamba yenye silika tele hupewa metaboreti nyingi, na silika yenyewe husaidia kioo kisigeuke fuwele.

Hapa ndipo programu moja ya maabara nzima inaposhindwa. Kiwanda cha saruji hupima mawe ya chokaa, udongo, madini ya chuma, jasi, klinka na saruji, na mara nyingi vyote vinapitishwa kwenye mpangilio mmoja wa kumimina na kupoza kwa sababu fundi wa kampuni iliyouza mashine alipoondoka aliacha mmoja. Mpangilio uliotengenezwa kwa klinka utamwaga udongo vizuri tu. Utapata shida kwenye chokaa tupu, ambayo haina silika ya kukishika kioo, na kisahani kitafanya ukungu katikati. Maabara ikiruhusu, chokaa iwe na programu yake. Isiporuhusu, kuna hila ya zamani ya kuongeza kiasi kilichopimwa cha silika safi kwenye sampuli ya chokaa, kisha kukitoa kwenye hesabu. Inafanya kazi, ingawa wanaofanya ukaguzi wa ubora huikunjia uso.

Sasa kalibu. Sharti lake la kwanza ni joto: ipokee uji ikiwa inang'aa nyekundu, karibu na joto la kikombe. Kalibu iliyoachwa nje ya tanuri, au iliyoingizwa dakika za mwisho, hugandisha uji palepale unapogusa metali. Ngozi ya chini inakuwa ngumu wakati juu bado kunatiririka, na unapata makunyanzi ya duara, moja ndani ya lingine, kuanzia pale mkondo ulipoangukia. Makunyanzi hayo yanaonekana ukikiinamisha kisahani chini ya taa na kutazama mwanga ukiteleza juu yake. Kwa chuma hayana madhara makubwa. Kwa sodiamu na magnesi, ambazo kina chake ni mikromita chache, ni vilima na mabonde. Na ngozi hiyo iliyoganda mapema imeshabeba mkazo wake tayari, kwa hiyo kisahani kitapasuka baadaye hewa ikianza kuvuma, na feni italaumiwa.

Sharti la pili ni usawa. Weka pimamaji juu ya fremu inayobeba kalibu mashine ikiwa imepoa, pande zote mbili. Meza ya maabara huzama, miguu ya mashine hulegea kwa mtikisiko, na uji unajikusanya upande mmoja. Kisahani kinene upande huu na chembamba upande ule hakina kasoro kwa silika, lakini stronti yake itacheza kila kisahani kikizungushwa kwenye kishikio. Kuhusu kalibu yenyewe, platinamu kwenye nyuzi elfu moja ni laini na hubonyea kwa matumizi. Rula ya chuma iliyosimamishwa kwa ubavu juu ya uso wa kisahani, mwanga nyuma yake, inaonyesha upenyo mdogo sana. Kila kalibu ipewe alama yake, na kila kisahani kiandikwe kimetoka kwenye kalibu ipi. Bila hilo, maabara yenye kalibu sita ina makosa sita yaliyochanganywa kwenye ndoo moja.

Kumimina kwenyewe kuna vigezo vitatu hata kama mashine inaonyesha viwili: muda kati ya mtikiso wa mwisho na kuinama, kasi ya kuinama, na muda wa kikombe kubaki kimeinama.

Muda wa kwanza ni wa mapovu. Mtikiso huingiza hewa, na sampuli yenye kaboneti hutoa gesi. Sekunde chache za utulivu kwenye joto kamili huziacha zipande juu. Lakini utulivu huo ufanyike ndani ya tanuri. Kikombe chembamba kikitolewa kwenye hewa ya chumba hupoteza joto kwa kasi ya kutisha, na mnato wa tetraboreti hupanda kadiri joto linavyoshuka. Mashine za gesi, ambazo kikombe kinakaa juu ya ndimi za moto, zina hatari hiyo kuliko za umeme zinazomiminia ndani ya tanuri.

Kasi ya kuinama ndiyo inayobishaniwa zaidi. Ukiinamisha polepole mno, uji unatoka kama uzi, unapoa mdomoni mwa kikombe, unatengeneza ulimi unaoning'inia, na mara nyingine ulimi huo unakatika na kuangukia juu ya kioo kilichokwisha tulia. Ukiinamisha haraka mno, unaruka, unagonga ukingo wa kalibu, unafungia hewa chini yake. Mapovu ya juu hayana neno. Ya chini, yanayogusa uso unaopimwa, ni mashimo. Ninavyopendelea mimi ni mwendo wa haraka mpaka uji unapofika mdomoni, kisha mwendo wa polepole na usiokatika wakati unatiririka, kwa mashine zinazoruhusu hatua mbili. Zisizoruhusu, napendelea kosa la haraka kuliko la polepole, kwa sababu povu linaonekana kwa macho na ulimi uliopoa hauonekani.

Kigezo cha tatu, muda wa kikombe kubaki kimeinama, ni rahisi kupimwa lakini mara nyingi hupuuzwa. Pima kisahani kwa mizani. Gramu 0.6 za chokaa yenye upotevu wa asilimia 43 kwenye moto zinabaki gramu 0.342, na pamoja na gramu 6 za flaksi unatarajia 6.34, ukiacha kidogo kilichovukia. Ukipata 6.29, gramu 0.05 zimebaki kwenye kikombe. Kwa kisahani hiki si janga, kwani kioo ni kimoja kote na unene umepungua kidogo tu. Janga ni kwa kinachofuata. Tuseme kikombe kilikuwa na madini ya chuma yenye oksidi ya chuma 90%, na sampuli inayofuata ni chokaa. Zile gramu 0.05 zilizobaki zinaingiza oksidi ya chuma ya karibu 0.7% kwenye matokeo ya chokaa ambayo pengine ina 0.5% kwa jumla. Sekunde tatu au nne zaidi za kuinama, na kuyeyusha flaksi tupu kati ya aina mbili za sampuli zilizo mbali, zinamaliza jambo hilo.

Kuna dawa ya kuzuia kunata, na naiweka hapa kati ya kumimina na kupoza kwa sababu inatawala zote mbili. Flaksi nyingi huuzwa tayari zikiwa na asilimia 0.5 ya lithiamu bromaidi, maana yake miligramu 30 ndani ya gramu 6. Maabara nyingine huongeza ayodaidi kwa mkono. Dawa ikipungua, uji unabaki kikombeni na kioo kinang'ang'ania kalibu. Platinamu na kioo havisinyai kwa kiwango kimoja vinapopoa, kwa hiyo kioo kilichonata hakina pa kwenda ila kupasuka. Dawa ikizidi, uji unajikunja kama unaogopa kalibu, haufiki ukingoni, na kisahani kinatoka na umbo la mwezi mchanga au mgongo uliovimba.

Tatizo ni kwamba dawa hii huvukia. Sampuli iliyokaa kwenye moto dakika kumi na iliyokaa dakika ishirini haziingii kalibuni na dawa sawa. Ayodaidi hutoka haraka, bromaidi hukawia, na inayokawia ina deni lake: mstari wa bromini uko kwenye kiloelektronivolti 1.480, wa alumini uko kwenye 1.487. Mashine nyingi za eksirei hazitenganishi viwili hivyo. Alumina inayopanda na kushuka bila sababu, kwenye maabara inayotia dawa kwa kukadiria na kijiko, mara nyingi ni bromini inayojiita alumini. Ayodini nayo ina mstari unaoisumbua titani. Kwa hiyo aliyerefusha muda wa kuyeyusha ili kuondoa chembe ngumu amebadilisha pia namna kisahani kitakavyoachia kalibu, na ufa utakaotokea utaonekana kama ni wa kupoza.

Katanga ndiko suala hili la kunata linakoumiza zaidi. Wanaochambua madini ya shaba na kobalti Likasi, Kolwezi au Lubumbashi wanajua kwamba oksidi ya shaba hunatisha kioo kwenye platinamu kuliko karibu kitu kingine chochote. Huko bromaidi ya kwenye flaksi peke yake hushindwa. Ayodaidi huongezwa, na wengine huiongeza mwishoni kabisa, kabla ya kumimina, ili isivukie yote. Salfaidi ambayo haikuoksidishwa kwanza ni balaa jingine. Hushambulia platinamu yenyewe, na kalibu iliyoliwa vishimo haitaachia kisahani kwa mpangilio wowote wa feni. Nitreti na joto la chini la kuoksidisha, kabla ya kupanda hadi 1,050, si hatua ya kurukwa ili kuokoa dakika.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kupoza.

Kisahani kinapita katika eneo la hatari kati ya joto la kuyeyuka na nyuzi 500 hivi, ambapo kioo cha boreti hugeuka kutoka kitu kinachoweza kujisogeza kuwa kitu kigumu. Juu ya mpaka huo, mkazo unajiondoa wenyewe kwa sababu kioo bado kinalegea, lakini fuwele nazo zina nafasi ya kukua. Chini ya mpaka, fuwele hazikui tena, ila kila tofauti ya joto kati ya sehemu na sehemu inabaki ndani kama mkazo. Hewa ya ghafla juu ya kioo ambacho kingo zake zimeganda na moyo wake bado laini hufanya kile tone la maji linachokifanya kwenye kioo cha chemli kilichowaka. Kuchelewa mno kwenye nyuzi 700 huleta maziwa. Dirisha liko katikati, na upana wake unategemea flaksi: kwa tetraboreti yenye silika ni pana, karibu huwezi kulikosa, kwa metaboreti yenye kalsiamu ni jembamba sana.

Mashine karibu zote zinagawa kupoza katika hatua mbili, ya kutulia bila hewa na ya hewa ya kulazimishwa inayopulizwa chini ya kalibu. Swali la kweli ni hatua ya pili ianze lini. Jicho linasaidia: metali iliyo moto huacha kuonekana nyekundu gizani karibu na nyuzi 525. Zima taa iliyo juu ya mashine, tazama kalibu, hesabu sekunde kutoka kumimina mpaka wekundu utoweke. Huo ndio mwanzo wako wa tetraboreti, na kutoka hapo unasogea kwa hatua za sekunde kumi na tano. Kwa flaksi yenye metaboreti nyingi, anza kabla wekundu haujatoweka, kwa hewa hafifu. Kalibu kubwa ya milimita 40 hubeba joto zaidi kuliko ya 32, kwa hiyo aliyebadilisha kalibu amebadilisha muda hata kama hajagusa kitufe.

Muda uliowekwa na mtengenezaji wa mashine pengine ulipimwa kwenye chumba chenye ubaridi wa wastani, si katika hewa yetu. Mwanza na Lubumbashi ziko mita 1,100 hadi 1,200 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya pwani, na feni ile ile, kwa mzunguko ule ule, hubeba joto pungufu. Kwenye pwani ya saruji, kuanzia Bamburi hadi Tanga, Wazo Hill na Mtwara, hewa ni nzito ya kutosha lakini ina joto na unyevu, na unyevu huo una njia ya pili ya kuingia: flaksi hufyonza maji. Flaksi iliyoachwa wazi wakati wa masika hupimwa pamoja na maji yake, uwiano unaharibika, na mvuke unaoondoka huacha mapovu. Ikaushwe, ihifadhiwe kwenye chombo kinachofunga, na upotevu wake kwenye moto upimwe kila pakiti mpya inapofunguliwa. Visahani navyo vikikaa siku kadhaa kwenye hewa ya Mtwara uso wake hufifia. Vile vya kurekebishia mashine ya eksirei vikae kwenye chombo chenye kikausho.

Namna ya kusoma kilichotokea inategemea kutazama kabla ya kutupa. Vipande vilivyotawanyika kwa mlio, vyenye kingo kali, ni mkazo: hewa mapema au kalibu baridi. Ufa mmoja uliopinda ukifuata ukingo, na kipande kilichobaki kimeshikamana na platinamu, ni kunata. Doa jeupe katikati lina tafsiri mbili, na hapa wengi hubahatisha. Huenda ni fuwele, huenda ni chembe isiyoyeyuka iliyozaa fuwele kuizunguka. Kirudishe kisahani kwenye kikombe, kiyeyushe tena, kimimine kwa kupoza kwa haraka zaidi. Doa likitoweka, kosa lilikuwa la kupoza. Likirudi au likabaki punje, kosa ni la kuyeyusha, na hakuna kasi ya hewa itakayolitibu. Madini ya kromaiti na zirkoni ni wahalifu wa kawaida.

Mpangilio ukishapatikana, uthibitishwe kama kipimo, si kama pambo. Viwango vya saruji, ISO 29581-2 na ASTM C114, havikuulizi feni yako inavuma kwa asilimia ngapi. ASTM C114 inataka uonyeshe, kwa marudio ya siku tofauti na saruji rejea zilizothibitishwa kama za NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwamba njia yako inarudia na inafika kwenye thamani sahihi. Huo ni uhuru mkubwa, na pia ni mzigo. Visahani kumi vya klinka moja, vilivyogawanywa kati ya kalibu zote, vinatosha kutenganisha kutofautiana kwa kalibu na kutofautiana kwa mmiminiko. Visahani viwili vya kalibu moja vinatosha kujidanganya.

Je, ukibadilisha kupoza, urekebishe upya eksirei? Maoni yangu: hapana, ikiwa kisahani cha kabla na cha baada vyote ni kioo kisicho na fuwele, uso ukiwa bapa. Pima vitano kwa vitano, linganisha, endelea na kazi. Ukibadilisha joto la kuyeyusha, muda wa kutikisa, pakiti ya flaksi au aina ya dawa, basi ndiyo, kwa sababu hapo umebadilisha kilichomo ndani ya kioo.

Suala la nani awe na neno la siri la programu linaniudhi kidogo. Katika maabara nyingi liko kwa muuzaji au kwa meneja ambaye hayupo usiku. Matokeo yake fundi sanifu wa zamu ama hafanyi lolote ama anazunguka mfumo kwa kuchomoa kalibu kwa koleo kabla ya muda. Bora apewe neno la siri pamoja na daftari lenye safu tano: namba ya kalibu, pakiti ya flaksi, uzito wa kisahani, jumla ya oksidi, na kigezo kilichoguswa, kimoja tu kwa zamu. Na umeme ukikatika uji ukiwa kikombeni, asitumie bisibisi kukibandua kioo. Asubiri umeme urudi, aongeze dawa kidogo ya kuzuia kunata, ayeyushe tena, amimine, kisahani kile akitupe.